Matofali Yaliyokosa Maji

Kila asubuhi ya likizo kubwa, Larissa alikwenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa, juu kidogo ya mji wa Gisenyi. Alichelewa kurudi, si kwamba alikuwa mvivu, la. Ila akishafungua bomba, macho yake yalipanda yenyewe hadi kwenye moshi wa volkano upande wa Goma, kisha yakashuka polepole hadi ziwani, ambako ukungu ulilala juu ya maji mpaka jua lilipouamsha. Dumu likafurika, miguu ikalowa, na wanawake waliopanga foleni nyuma yake wakacheka na kusema kwamba Larissa amehama tena.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alichokiota zaidi ni chumba. Alilala sebuleni kwa mama yake, Dative, juu ya godoro lililokunjwa kila alfajiri kabla wateja hawajaja kushonewa nguo. Baba yake alifanya kazi Kigali na kuja mwisho wa mwezi. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kiwanja kirefu chenye migomba michache, na zaidi ya hiyo migomba hakuna kitu.

Rafiki yake mkubwa, Ingabire, alikuwa na shida kubwa zaidi. Yeye, mama yake na wadogo zake wawili walipanga chumba kimoja katika nyumba ya jirani. Mama Ingabire aliuza nyanya Goma. Alivuka mpaka asubuhi na beseni kichwani, akarudi jioni. Lakini mji ulikuwa unakua haraka, kama mtoto anayebadilisha viatu kila muhula. Hoteli ziliongezeka kando ya ziwa, wafanyakazi wakaja, na kila aliyekuja alitaka pa kulala. Kodi zikapanda. Mwenye nyumba akamwambia Mama Ingabire atoke kabla ya shule kufunguliwa, maana amepata mpangaji wa kulipa zaidi. Mahali pekee alipoweza kumudu palikuwa Kanama, milimani, mbali na mpaka na mbali na shule. Larissa alipoambiwa hivyo alilia mpaka akapata kwikwi.

Jambo hilo lilizungumzwa kwenye mkutano wa wananchi wa Jumanne, kwa sababu halikuwa la Mama Ingabire peke yake. Gitifu wetu, yaani katibu mtendaji wa sekta, eneo linalolingana na kata, anaitwa Karenzi. Ni mtu mrefu aliyekulia Tanzania, na huongea taratibu kama anayetembea kwenye matope. Alisema nyumba ni chache kuliko watu, na kugombana na wenye nyumba hakutajenga hata ukuta mmoja. Hata hivyo, nyuma ya nyumba nyingi kuna viwanja vimelala bure. Sekta italeta mashine ya kufyatulia matofali kwa mchanga mweusi wa volkano, na itatoa saruji, ramani na kibali bila malipo. Mwenye kiwanja atatoa ardhi na nguvu za watu wa nyumbani kwake. Naye atakubali kuwapangisha kwanza watu wa mtaa huuhuu wanaokosa pa kukaa, na kutopandisha kodi mpaka muda waliopatana uishe. Mashine itazunguka mitaa kwa zamu, na saruji itatolewa mara moja tu.

Wengi walitazama chini, wakisubiri mwingine aanze. Dative ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Yeye na Mama Ingabire walikubaliana juu ya nyumba ya vyumba vitatu vinavyoshikana ukuta ili kuokoa nafasi: viwili vya Mama Ingabire, na cha mwisho, kinachotazama ziwa, cha Larissa.

Matofali yakafyatuliwa na kupangwa safu safu kiwanjani. Kazi ya kuyamwagilia alipewa Larissa. Fundi Bizumuremyi, mzee wa mikono mikubwa, alimwita kando akamweleza.

"Tofali mupya iko na kiu sana, Larissa. Mwangia mayi asubuhi, midi na magaribi, halafu funika na majani ya migomba. Jua ikikausha mbio, haitakuwa na nguvu hata siku moja."

Siku za mwanzo Larissa alifanya kazi yake vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba zile safu zilifanana mno na nyumba. Kati ya safu na safu palikuwa na njia kama korido, na pale safu mbili zilipokutana palikuwa na pembe ya kuweka kitanda. Alikaa hapo, amekumbatia magoti, dumu tupu likiwa kando yake. Alisikia mvua ikipiga bati ambalo halijanunuliwa. Aliona pazia likipepea kwenye dirisha ambalo halijakatwa, na nyuma ya pazia ziwa lote la buluu. Upande wa pili Ingabire alikuwa akigonga ukuta ili waende shule pamoja. Mchana mzima ulipita hivyo, mtamu na mwepesi. Jioni umande ulipanda kutoka ziwani, majani ya migomba yakawa na unyevu, naye akayagusa na kujiambia kwamba matofali yameshakunywa.

Dative aliuliza kutoka kwenye cherehani yake kama matofali yamemwagiliwa. Larissa akajibu ndiyo, mama. Mara ya kwanza alisema hivyo akikusudia kwenda kumwagilia palepale. Mara nyingine zilizofuata, jibu lilitoka lenyewe.

Siku moja kabla ya umuganda, ambapo mtaa mzima ungekuja kufanya kazi ya pamoja na kuanza ukuta, Ingabire alikuja kuona matofali ya nyumba yao. Alifurahi hadi akanyanyua moja la pembeni ampelekee mama yake aone. Likamegeka mikononi mwake kama andazi la juzi. Ingabire akaganda. Alidhani ameharibu mali ya serikali. Alificha vipande chini ya majani, akamwomba Larissa asimwambie mtu, kisha akakimbilia nyumbani. Larissa alibaki amesimama. Alijua vizuri kwamba mikono ya Ingabire haikuwa na kosa lolote, lakini hakumwita arudi.

Kesho yake watu walikuja na majembe, ndoo na kelele zao. Msingi wa mawe meusi ulikuwa tayari. Bizumuremyi alipofunua majani aliona vile vipande, akauliza ni nani aliyevunja. Kabla Larissa hajainua uso, Ingabire alikuwa ameshasogea mbele, machozi yakimtiririka, akisema ni yeye. Fundi alicheka kwa upole. Alimwambia tofali moja halizuii nyumba kusimama, apanguse machozi akacheze. Kisha akachukua mwiko wake na kuanza kuchanganya saruji.

Mambo yangeishia hapo. Hakuna aliyemshuku Larissa. Alitazama msingi wa chumba cha Ingabire na, kama kawaida yake, akaona chumba kizima: mkeka, wale wadogo wawili wamelala, nguo zimetundikwa. Lakini safari hii ukuta ulikuwa ukidondosha vumbi juu ya watoto, na kila alipojaribu kuuona mzuri, ulikataa.

"Papa Bizumuremyi, ngojea kwanza," alisema. "Ingabire hakuvunja kitu. Ile tofali ilikosa mayi. Mi ndiye sikumwangia. Mama aliniuliza, nikamudanganya."

Dative akaweka ndoo chini na kuficha uso kwa kiganja. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza mbele ya wote, na sasa aibu ilimmwagikia hapohapo mbele yao. Bizumuremyi hakugomba. Alipangusa mikono, akachukua matofali mawili na kuyagonganisha. Tofali zima hulia, bovu hukohoa. Akapita safu kwa safu, watu wakimfuata. Yale ya katikati, yaliyokuwa kwenye kivuli cha migomba, yalilia. Ya pembeni, yaliyoliwa na jua, yalimegeka. Mwishowe mazima yalitosha vyumba viwili tu. Fundi alisema mabovu yatapondwa na kujazwa chini ya sakafu.

Macho yote yakamgeukia gitifu, ambaye alikuwa amekunja suruali na kushika sepetu kama wengine. Mtu mmoja alipendekeza kwamba sekta iongeze saruji kidogo. Karenzi alitikisa kichwa. Alisema saruji iliyobaki imeahidiwa mtaa mwingine, na huko pia kuna mama anayefukuzwa na kodi. Akiitoa hapa kwa huruma, atakuwa amebomoa ukuta wa mtoto wa kule.

Basi likabaki swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza. Mama Ingabire akajikaza na kusema kwamba kwake chumba kimoja kinatosha, ameshazoea. Larissa alimsikia, na moyo ukamuuma. Alikipenda kile chumba cha ziwani. Alikuwa amekwisha kukaa ndani yake kwa majuma.

"Vyote viwili ni vya kina Ingabire," alisema. "Changu kitangojea mpaka mashine irudi."

Dative akainama kuokota ndoo. "Mumesikia," aliwaambia mafundi. "Tujenge."

Ukuta ulipopanda, Larissa aliumwagilia asubuhi, mchana na jioni, na Ingabire alimsaidia kubeba dumu. Hawakuzungumza sana juu ya yale yaliyopita. Mara moja tu Larissa alimwomba msamaha, na Ingabire akamjibu kwamba alikuwa na hasira naye, lakini imekwisha.

Kabla ya shule kufunguliwa, Mama Ingabire alihamia nyumba mpya kwa miguu, godoro kichwani, watoto nyuma na masufuria. Majirani waliokuwa wametazama chini mkutanini sasa walimzunguka gitifu, kila mmoja akiuliza zamu ya mtaa huu itarudi lini. Alipowaponyoka, Karenzi alimkuta Larissa amekaa pale ambapo chumba cha tatu kingesimama, macho yake yakiwa ziwani. Larissa akaruka wima, akidhani atagombezwa.

"Kaa tu, binti yangu," Karenzi alisema, naye akakaa juu ya jiwe. "Hata ile mashine ilianza kama ndoto. Tulikaa ofisini tukaota mji ambao muuza nyanya ana pa kulala. Kuota si kosa. Lakini sekta inaweza kuleta mashine, saruji na kibali. Haiwezi kumwagilia kila tofali, na haiwezi kusema ukweli badala yako. Hayo mnayafanya nyinyi wenyewe. Ungenyamaza siku ile, leo tungekuwa na vyumba vitatu, na vyote vitatu vingekuwa uongo."

Larissa aliitikia kwa kichwa. Kutoka ndani ya nyumba mpya, Ingabire na wadogo zake walikuwa wakigombania nani alale upande wa dirisha.