Samli Kwenye Mpira wa Turbo

Kila jioni Mektilda alipotoka shule, kabla hata ya kuvua sare, alikwenda kisimani kuchota ndoo ya maji kwa ajili ya rejeta ya lori. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Lori la kijiji lililala mbele ya ghala la pamba, nje kidogo ya Tinde, na dereva wake alikuwa baba yake, Gelasius.

Msimu ule wa mwaka 1984 pamba ilikubali kweli kweli. Magunia yalijaa ghalani, mengine yakapangwa nje, juu yake hakuna hata turubai. Lori lilikuwa hilo hilo moja, na barabara ya kwenda kiwandani Shinyanga ilikuwa mashimo matupu. Baba alichoka jamani! Usiombe. Kuna siku alisinzia na tonge la ugali mkononi, Mama akalichukua taratibu na kulirudisha kwenye sahani ili asimwamshe.

Lakini hata angechoka vipi, kulikuwa na jambo moja ambalo Baba hakuliacha. Akifika, hakuzima injini papo hapo. Lori lile lilikuwa na turbo, yaani kifaa kinachozunguka kwa kasi kubwa na kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu ya kupanda mlima. Injini ikizimwa ghafla wakati turbo bado ni ya moto, turbo huungua. Baba hakuwa na saa ya kumpimia muda. Basi alikaa kwenye usukani, injini ikinguruma polepole, akasali Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, ndipo akazima. Mektilda alisimama chini na ndoo yake akimwitikia. Walifanya hivyo kila jioni, mpaka jirani zao wakazoea kuwatania: "Lori la Gelasius nalo limebatizwa."

Jumapili moja baada ya Misa, Baba alifungua boneti ili asafishe injini. Akatoa mpira mnene mweusi unaopitisha hewa kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, akampa Mektilda.

"Nifutie vumbi, mwanangu. Mimi ngoja nijinyooshe kidogo."

Akajilaza kivulini chini ya lori. Hata hajamaliza kusema, usingizi ulikuwa umeshamchukua.

Mektilda alifuta vumbi. Chini ya vumbi aliona mpira umekauka na kupata nyufa ndogo ndogo. Moyo ukamuuma. Mpira huu ukipasuka njiani, Baba si atalala porini? Akamkumbuka marehemu babu yake. Babu alikuwa mfugaji, na kila mara kabla ya kulima alizipaka samli kamba za ngozi za jembe la ng'ombe. "Ngozi ikikauka hukatika," alisema Babu, "lakini ikinywa samli, itakuzika wewe."

Bila kupoteza muda Mektilda akakimbia nyumbani. Kibuyu cha samli cha bibi yake, Zipora, kilining'inia jikoni. Bibi mwenyewe alikuwa ameenda kumjulia hali mgonjwa. Mektilda hakumwomba mtu. Alichota samli, akaupaka ule mpira nje na ndani, na kwenye midomo yake miwili akazidisha, maana huko ndiko nyufa zilikokuwa nyingi. Kisha akausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa.

"Mh! Kama umetoka dukani leo," Baba alisema alipoamka. "Mungu akubariki, mwanangu. Wewe ndiye unayenihurumia."

Mektilda alitaka kumwambia habari ya samli. Lakini samli ilikuwa ya Bibi, na zile sifa zilikuwa tamu mno. Akanyamaza. Baba akaurudisha mpira mahali pake, akakaza klipu, yaani vile vibanio vya chuma vinavyoushika mpira usitoke.

Haukupita muda mrefu, taabu ikaanza. Lori likiwa limejaa pamba, katikati ya kilima cha kutokea mtoni, likalia "puu!" Moshi mweusi ukafunika barabara na nguvu zikaisha kabisa. Mabula, utingo, akaruka na kigogo chake kuzuia gurudumu ili lori lisirudi nyuma. Kumbe ule mpira ulikuwa umechomoka. Baba akaurudisha na kukaza klipu kwa nguvu zake zote. Safari iliyofuata, pale pale, "puu!" Ikabidi warudi na pamba kijijini. Na mawingu nayo, kama yaliyokuwa yakisubiri hilo tu, yakaanza kujikusanya.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pantaleo, akamwita fundi kutoka Shinyanga mjini. Fundi huyo aliitwa Ngassa, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana. Alifika alasiri, wanafunzi wakiwa wametoka shule, na watu wakalizunguka lori. Akautoa mpira, akaingiza kidole ndani. Kidole kikatoka cheusi na kinateleza.

"Oili," fundi akasema, akatikisa kichwa. "Turbo inavujisha oili. Oili inaingia kwenye mpira, mpira unateleza, hewa ikisukuma kwa nguvu unachomoka. Hii turbo imekufa, Mwenyekiti. Mpaka iende Mwanza, na spea sijui zitapatikana lini."

"Imekufaje?" Mzee Pantaleo akauliza.

"Mara nyingi ni dereva. Anazima injini ikiwa bado ya moto."

Macho yote yakamgeukia Baba.

Mzee Pantaleo hakuwa mtu mbaya. Lakini pamba nyingi ya kijiji ilikuwa nje, na mvua ilikuwa inanukia. "Gelasius," alisema, "lori hili tulilipata kwa jasho. Kama wewe ndiye uliyeiua turbo, usukani utauacha leo hii."

Mektilda alisubiri Baba akatae. Alisubiri aseme habari za Baba Yetu na Salamu Maria. Lakini Baba alikaa juu ya gunia kama mtu aliyevunjika miguu.

"Labda ni kweli, Ndugu Mwenyekiti," akasema kwa sauti ndogo. "Nimechoka. Labda siku moja nilisahau. Hata sikumbuki tena."

Baba hajasahau hata siku moja! Mektilda mwenyewe alikuwa akimwitikia. Na ile oili nyeusi, alijua ni nini. Machozi yakamtoka. Rafiki yake aitwaye Sikujua, aliyekaa naye dawati moja darasa la sita, akamvuta nyuma ya ghala.

"Una nini wewe?"

Mektilda akamweleza yote. Sikujua akaziba mdomo kwa mkono.

"Wee! Nyamaza kabisa. Nani alikuona? Ukisema, bibi yako atakuchapa, Mwenyekiti atakufokea, na baba yako ndiye atakuwa wa kwanza kukuchukia."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza yatapita."

Mektilda akachungulia. Aliona Baba anatoa ufunguo wa lori mfukoni, anaufuta vumbi kwa shati lake, na kumkabidhi Mwenyekiti. Fundi alikuwa tayari ameshika spana ya kuing'olea turbo.

"Hayatapita," Mektilda akasema. Akaondoka.

Kwao mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa. Lakini Mektilda alipenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mektilda, hapa wanazungumza wazee," Mzee Pantaleo akamwambia.

"Naomba mnisamehe, naomba niseme. Hiyo siyo oili. Ni samli. Niliipaka mimi."

Mabula akaangua kicheko, na fundi naye akacheka. "Samli? Kwenye turbo? Hee, huku kwenu mnakaanga pamba?"

Mektilda hakucheka. Alieleza kila kitu: nyufa, kamba za ngozi za Babu, kibuyu cha Bibi, na jinsi alivyonyamaza aliposifiwa. "Baba hazimi injini kabla ya kusali," akamalizia huku analia. "Hajawahi. Msimnyang'anye ufunguo."

Fundi Ngassa akaacha kucheka. Akakisugua kile kidole cheusi kwa kidole gumba, akakipeleka puani. Akanusa. Akanusa tena.

"Loo! Huyu mtoto anasema kweli. Injini gani inanuka maziwa?"

Hapo ndipo alipoingiza kidole kwenye mdomo wa turbo yenyewe, jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Kidole kikatoka kikavu. Akalizungusha lile gurudumu dogo la ndani. Likazunguka jepesi bila kukwaruza.

"Turbo ni nzima," akasema, safari hii bila maneno mengi. "Nimekosea, dereva. Nilisema kabla sijatazama."

Kisha akawaonyesha ule mpira. Midomo yake ilikuwa imevimba na kulegea. "Ngozi inakunywa samli ikapona, lakini mpira wa namna hii ukinywa mafuta unaharibika. Unakuwa laini, unateleza, na klipu haiwezi kuushika. Bahati yenu mpira ni mrefu, nitaikata hii midomo. Haya, binti, wewe uliyepaka ndiye utakayesugua. Lete majivu na maji ya moto."

Mektilda akaleta majivu kutoka jikoni kwa Bibi Zipora. Fundi alikata sehemu zilizolegea kwa kisu kikali, na Mektilda akausugua mpira nje na ndani kama anavyosugua sufuria, mpaka vidole vikamuwasha. Bibi Zipora alikuja kusimama pale, mikono kiunoni, akamtazama mjukuu wake. Kutazamwa huko kuliuma kuliko fimbo. Mpira ukaanikwa juani, na bomba la chuma unapovikwa mpira huo likafutwa mpaka likakauka kabisa, ndipo fundi akauvisha na kukaza klipu kwa bisibisi.

Mzee Pantaleo akamrudishia Baba ufunguo. "Nisamehe, Gelasius. Nilikimbilia kukuhukumu."

"Mvua ndiyo ilikuwa inatukimbiza sote," Baba akajibu.

Kesho yake lori likapakiwa mpaka juu. Watu waliacha majembe, wakasimama kusikiliza, maana kutoka ghalani kilima kilisikika vizuri. Lori likashuka mtoni. Likabadili gia. Mektilda akafumba macho. Filimbi ya turbo ikaanza kupanda, nyembamba, haikatiki, ikapita pale penye "puu!", ikapita, ikaendelea kupita, mpaka ikapotelea upande wa pili. Mabula alisimulia baadaye kwamba kigogo chake hata hakukigusa.

Baba alirudi jioni. Alisimamisha lori mbele ya ghala, lakini hakushuka. Injini ikanguruma polepole. Mektilda akasimama chini na ndoo yake, akaisikia sauti ya Baba, ya kuchoka kama kawaida, ikianza Baba Yetu. Akaitikia mpaka Salamu Maria ya tatu. Injini ikazimwa.

"Panda huku," Baba akamwita. Mektilda akapanda, akakaa karibu naye.

"Bibi yako amesema utamsukia maziwa ya kutoa samli kila asubuhi kabla ya shule, mpaka kibuyu kijae tena. Ni haki yake."

"Ndiyo, Baba."

"Ulikosea ulipochukua bila kuomba. Na ulitia dawa kwenye kitu usichokijua bila kuuliza. Huruma ni nzuri, mwanangu, lakini huruma isiyouliza inaweza kumwangusha yule yule unayemhurumia."

Mektilda akainamisha kichwa. Mikono ya Baba ilikuwa bado kwenye usukani.

"Lakini jana pale," akaendelea, "nilikuwa nimeshaanza kusadiki kwamba mimi ndiye niliyeiua turbo. Mtu akichoka sana, husadiki kila baya analoambiwa juu yake. Hata sala zangu nilizisahau. Wewe ndiye uliyenikumbusha mimi ni nani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Ukiharibu, sema. Sema mapema, hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu ukinyamaza, kuna mtu mwingine atabeba kosa lako, na huenda hana nguvu za kulibeba."

"Nitasema, Baba. Na nitauliza kwanza."

Mektilda alipogeuka, alimkuta Baba ameegemeza paji la uso kwenye usukani, amelala fofofo. Nje, matone makubwa ya mvua yalianza kuangukia uwanja wa ghala, mahali magunia ya mwisho yalipokuwa yamepangwa asubuhi ile. Palikuwa patupu: yote yalikuwa yamefika kiwandani salama.

Mektilda akashuka taratibu, akafunga mlango bila kuubamiza, akaenda na ndoo yake kumwagia rejeta maji.