Nionyeshe Nane, Fundi!

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho yangu yote mawili. Anayesema sikuwepo, yeye ndiye hakuwepo.

Kule Tukuyu, kwenye baridi, aliishi Sekela. Bibi yake alilinda tangi la maziwa ya kijiji.

Tangi liliimba kutwa. Nguuu, nguuu.

Kwenye tangi palikuwa na mita ya baridi. Ikisema nne, maziwa ni salama. Ikisema tisa, maziwa yanachacha.

Na namba zake zilikuwa kubwa! Kubwa kama sisimizi.

Bibi alikodoa macho. "Mjukuu wangu, inasemaje?"

"Nne, Bibi, nne! Maziwa yamelala."

Lakini Jumatatu Sekela anaanza shule. Nani atamsomea Bibi? Tangi lijisomee?

"Tutafute namba kubwa, Bibi," akasema Sekela.

Wakaenda dukani. Mwenye duka alikuwa mtu wa msaada mno. Akawaletea saa ya ukutani.

"Namba kubwa hizi hapa."

"Lakini hiyo inasema saa," akasema Sekela.

"Kwani maziwa yenu hayataki kujua saa?"

Asante sana, mwenye duka.

Wakaenda kwa Fundi Ambakisye. Fundi hodari huyo! Anatengeneza redio, pasi na visingizio.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mtoto. Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Bibi. "Tunataka namba ya mita. Kubwa."

Fundi akatoa namba ya taa, kubwa kama sahani, ya vijiti saba vya mwanga. Akaunga waya. Twiii! Nne nyekundu ikawaka.

"Si mnataka nne? Nne hiyo! Chukueni."

"Nionyeshe nane, Fundi."

"Nane ya nini, wee mtoto? Maziwa yenu hayana shida na nane."

"Nane inawasha vijiti vyote. Nionyeshe nane, Fundi."

Fundi akakohoa. Akatazama dari. Siku hiyo dari ilikuwa nzuri ajabu.

Twiii! Nane ikawaka. Kijiti cha juu, giza.

"Haina kofia!" akasema Sekela.

Akapanga tisa mezani, kwa njiti tano za kiberiti. Akaondoa njiti ya juu. Ikabaki nne!

"Mita itasema tisa," akasema, "na Bibi ataona nne."

Bibi akamgeukia Fundi. "Ambakisye, mwanangu, ulitaka kijiji kizima kinywe maziwa yaliyochacha?"

"Nilikuwa nawapima tu, mama."

Ndiyo. Fundi anapenda sana kupima watu.

Akafukua boksi lake, kwacha kwacha. Akatoa namba nyingine. Twiii! Nane nzima, vijiti vyote saba.

Fundi akaja kuifunga siku hiyohiyo. Ng'ombe wa jirani akachungulia dirishani. Akasema, "Nne."

Jumatatu Sekela akaenda shule. Bibi akasoma mita mwenyewe, tena akiwa jikoni, ng'ambo ya uwanja.

Usiku Sekela akapanda kitandani. Dirishani palikuwa na mwanga mwekundu.

"Bibi, inasemaje?"

"Nne, mjukuu wangu, nne! Maziwa yamelala."

Nguuu, nguuu. Sekela naye akalala.

Haya, sawa. Yule ng'ombe hakusema "nne". Hilo nililitia mimi. Alisema "mbuuu", lakini kwa sauti ya mtu anayejua kusoma.