Matuta Yasiyo na Joto

Mvua zinapoelekea mwisho, asubuhi za Ufipa huwa na baridi inayouma hadi kwenye kucha. Josefina na Leonsi walikuwa na dawa yao. Wakienda shule walikatiza shambani kwa mama yake Josefina, kila mmoja akachagua tuta na kuchomeka mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Matuta yale ya mviringo, ambayo kwa Kifipa huitwa intumba, hulazwa nyasi mbichi ndani na kufunikwa udongo juu. Nyasi zikianza kuoza, hutoa joto kama la ng'ombe aliyelala.

"Langu limeiva!" Leonsi alisema. "Lako la kizee hilo, Fina."

"Toka hapa! Langu linachemsha uji kabisa."

Leonsi alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Walikua kwenye uwanja mmoja, na sasa walikuwa wote darasa la sita katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mpui.

Mwaka ule Mwalimu Anyelwisye alimteua Josefina kuwa kiranja wa shamba, na Leonsi akawa msaidizi wake. Hicho hakikuwa cheo cha mchezo. Maharage na ulezi wa shamba la shule ndivyo vilivyowapa wanafunzi chakula cha mchana, na waliotoka mbali hawakuwa na kingine mpaka jioni.

"Mimi kwetu Rungwe tunalima migomba," Mwalimu alimwambia. "Haya matuta yenu bado najifunza. Macho yangu shambani ni wewe, Josefina. Usiniangushe."

Tangu siku hiyo Bertilla, mwanafunzi mwenzake ambaye zamani hata salamu alimpa kwa shida, akawa haachani naye. Alimpokea jembe njiani. Alimfutia benchi kabla hajakaa.

"Kiranja halimi, bwana," alimwambia. "Umewahi kumwona mwenyekiti wa kijiji anafyeka? Wewe simama utuangalie, sisi tupo."

Josefina alicheka na kuchukua jembe lake. Lakini maneno matamu hayaishii sikioni. Haikupita muda, akawa anampa jembe Bertilla mwenyewe, na mkononi anashika kifimbo.

"Fina," Leonsi alimwita siku moja wakiwa shambani, "upande wa juu nyasi zinazoletwa ni kidogo. Njoo uone."

"Mbele za watu niite kiranja."

Leonsi alicheka, akidhani ni utani. Aliponyanyua uso akaona mwenzake hacheki.

Jioni ile Bertilla alimsindikiza Josefina mpaka karibu na kwao. "Mimi sipendi kuchonganisha watu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila Leonsi anakusema. Anasema wewe ni kiranja wa jina tu, kiranja hasa ni yeye. Nafasi yako anaitaka, shauri lako."

Usiku ule Josefina aliyarudia maneno hayo kichwani mpaka usingizi ukamchukua.

Baada ya siku chache mbegu za maharage zikapungua stoo. Bertilla akaja mbio. "Mimi simtaji mtu. Lakini mfuko wa Leonsi leo mbona umevimba?"

Josefina aliufungua mfuko ule wa kitambaa. Chini ya daftari yalijaa maharage ya shule, yale mekundu yenye michirizi.

"Sijui yameingiaje," Leonsi alisema. "Fina, mimi? Unanijua mimi!"

Alimjua, ndiyo. Angeweza kumuuliza mfuko ulikuwa wapi, nani aliukaribia, tangu saa ngapi. Hakuuliza hata moja. Masikioni mwake lilikuwa likigonga neno lile moja, *kiranja hasa ni yeye*. Aliuchukua mfuko, akaupeleka mstarini mbele ya shule nzima.

Leonsi alichapwa na kuvuliwa usaidizi. Hakulia. Wakati wote anachapwa alimtazama Josefina tu. Kuanzia hapo watoto wa darasa la kwanza wakawa wanamwita Mwizi wa Maharage, na Bertilla akawa msaidizi. Asubuhi Leonsi alikatiza shambani peke yake. Josefina alipita barabara kubwa na rafiki yake mpya.

Kazi ikaenda mbio ajabu. Upande wa juu wa shamba ulijaa matuta, yamepangika utadhani vyungu sokoni. Mwalimu alifurahi, akamwalika bwana shamba wa wilaya kutoka Sumbawanga aje kuyaona.

Asubuhi ya ugeni Josefina alitangulia peke yake. Baridi ilikuwa kali. Kwa mazoea ya zamani akainama, akachomeka mkono kwenye tuta.

Baridi.

Akajaribu la pili, la tatu. Baridi kama jiwe la mtoni. Akalichimbua moja kwa vidole: udongo mtupu, hakuna hata ukoka mmoja. Alikimbilia upande wa chini, ule waliolima wakati wa Leonsi. Huko kulikuwa na joto.

Bertilla alipofika, Josefina alikuwa amekaa chini, mikono imejaa udongo.

"Bertilla, nyasi ziko wapi?"

"Nyasi? Nani ateremke bondeni kila siku kukata nyasi! Nyamaza, mgeni anaangalia kwa macho, hachimbui."

"Na maharage yakidumaa? Watu watakula nini?"

"Hilo la baadaye." Bertilla akatabasamu, lakini si lile tabasamu la siku zote. "Tena wewe ulikuwa umesimama hapa hapa na kifimbo chako. Nani ataamini kwamba hukujua?"

Mgeni alichimbua. Alikuwa Mfipa naye, amekulia kwenye matuta. Alilipiga moja kwa jembe likapasuka, akainua donge la udongo mtupu na kumwonyesha Mwalimu.

"Josefina," Mwalimu aliita, "nini hiki?"

Kabla hajafumbua mdomo, Bertilla alikwishaangua kilio. "Mwalimu, tulimwambia! Alisema amri ni yake. Tuliogopa atatufanya kama Leonsi. Hata yale maharage aliyatia yeye mwenyewe mfukoni mwa ndugu yake!"

Josefina aliwatazama wenzake. Wale waliokuwa wakigombania kumbebea jembe walikuwa wakitazama vidole vya miguu yao. Hakuna aliyesema, "Hapana." Ardhi ilikuwa ngumu vile vile chini yake, lakini yeye alijiona anazama.

Ndipo Leonsi akatoka nyuma ya mstari.

"Bertilla, nani kakuambia yalitiwa?" aliuliza taratibu. "Shule nzima inasema niliiba. Wewe umejuaje kwamba yalitiwa?"

Kilio cha Bertilla kikakatika ghafla. Kalista wa darasa la tano akamnyooshea kidole. "Aliyatia yeye, Mwalimu. Nilimwona. Alisema nikitoa neno atanisemea kwa kiranja, nami nitavishwa wizi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma Josefina. Ukubwa wake ndio uliokuwa fimbo ya Bertilla.

Mwalimu alimshika Leonsi bega mbele ya wote. "Leonsi hakuiba. Na mimi nilimchapa bila kupeleleza. Naomba radhi." Bertilla alivuliwa usaidizi, Josefina naye akavuliwa ukiranja. Bahati nzuri nyasi za bondeni zilikuwa bado mbichi. Shule nzima ilibomoa upande wa juu na kuanza upya, na wasichana hao wawili ndio waliokata na kubeba nyasi mpaka tuta la mwisho.

Jioni moja Josefina alikaa jikoni, viganja vimetoka malengelenge. "Mama, Bertilla amenisaliti," alisema, machozi yakimtoka.

Mama yake, Marsiana, alisogeza kuni. "Amekusaliti, mwanangu, nami roho inaniuma. Lakini Leonsi kasalitiwa na nani? Bertilla umemjua juzi, ukampa masikio yote mawili. Ndugu yako umemjua tangu mnanyonya, hukumpa hata swali moja. Mtu akikuletea maneno ya mwenzako, mwite huyo mwenzako umuulize, mkitazamana. Anayekusifu kila saa mwangalie anataka nini. Na ukipewa ukubwa tena siku moja, jembe lako usimpe mtu. Ungekuwa unashika udongo, ungejua mapema."

Kesho yake Josefina hakupita barabara kubwa. Alimkuta Leonsi kwenye matuta ya mama, mkono umezama. Akasimama mbali kidogo.

"Leonsi, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

Leonsi aliuzamisha mkono zaidi. "Hata watoto wa la kwanza waliniita mwizi," alisema.

"Najua."

Leonsi hakumtazama. Lakini alinyoosha kidole kwenye tuta lililofuata. "Hilo hapo limeiva."

Josefina alipiga magoti, akachomeka mkono. Lilikuwa na joto. Walikaa hivyo bila kutaniana, kisha wakaondoka kwenda shule, Leonsi mbele, yeye nyuma, jembe lake begani mwake mwenyewe.