Chambo cha Mwerezi

Miaka ile Twyla Rudd alijulikana kwa mikono yake. Kila mwezi wa Oktoba ilikuwa myeusi kuanzia kucha hadi vifundoni, na hakuna sabuni iliyofua dafu. Akitoka shule alivua viatu vizuri, akavaa vilivyochakaa, akaenda nyuma ya nyumba kukanyaga kokwa za mjozi, zile njugu ngumu za kuliwa, mpaka maganda yake ya kijani yabambuke. Maji ya maganda yale hutia rangi kuliko wino. Kokwa zikishakauka alizipeleka kwa gunia kwenye duka la vyakula vya mifugo, akalipwa kwa ratili.

"Twyla, hata mezani unakuja na mikono hiyo?" Bibi Ocie aliuliza kila jioni.

"Nimeiosha, Bibi. Mara tatu."

"Haya, kula. Mkate wa mahindi hauna macho."

Siku za kazi waliishi wawili tu, kwa kuwa mama yake Twyla alishona soksi kiwandani mjini na kurudi Ijumaa. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, na chini yake lilitanda ziwa. Ziwa lenyewe lilitengenezwa na watu. Bibi Ocie alikuwa na miaka ishirini wakati mto ulipozibwa kwa bwawa, na maji yakapanda yakafunika bonde zima: mashamba, kanisa, na nyumba aliyozaliwa. Hakupenda kulisimulia jambo hilo. Akiulizwa alisema tu, "Kisima chetu kilikuwa na maji baridi," kisha akageuza mazungumzo.

Kokwa zote zile zilikuwa na kazi moja. Jumamosi ya kwanza ya Mei, watoto wa kijiji chao cha Piney Ford walishindana kuvua besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana ambaye wanaume wa huko humzungumzia kuliko wanavyowazungumzia wake zao. Mwaka uliopita Twyla alishiriki kwa mwanzi aliofungia uzi, na Dewey Lunsford akamcheka mbele ya darasa zima. Safari hii alitaka fimbo ya kweli, yenye gurudumu la kukunjia mshipi. Zaidi ya yote, alitaka kushinda.

Mwanzoni mwa Novemba alikuwa na dola kumi na moja. Aliingia nazo katika duka la Mzee Cagle, lililonuka minyoo, mafuta ya taa na kahawa iliyoungua, harufu ambayo Twyla angeitambua hata leo akiwa amefumba macho. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na gurudumu jekundu linalong'aa, kama lile la wanaume wenye mashua za kasi.

"Lile bei gani, Mzee Cagle?"

"Lile linakuzidi. Na hata ungekuwa na hela, nisingekuuzia," Mzee Cagle akajibu. "Lile ukilirushia bila kulizuia kwa kidole, mshipi unajisokota unakuwa kiota cha ndege. Utashinda kutwa unafumua mafundo wenzako wakivua. Njoo huku."

Alimtolea fimbo mbili zilizokwisha kutumika. Akachomoa pamba kwenye mdomo wa chupa ya vidonge vyake na kuipitisha katika kila pete ya kupitishia mshipi kwenye fimbo ya kwanza. Kwenye pete ya tatu pamba ikanasa.

"Umeona? Hapo pana ufa, na ufa unakata mshipi. Hii achana nayo."

Pamba ilipita fimbo ya pili bila kunasa. Mzee Cagle akamwambia Twyla aigandamize ncha yake kwenye dari. Ilipinda juu tu, chini ikabaki imekaza, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatafuta na gurudumu kuukuu lililofunikwa, lenye kitufe nyuma cha kubonyeza. Lilikuwa limekwaruzika, lakini lilizunguka vizuri.

"Kwa hela zilizobaki tunatia mshipi mpya," akasema.

"Si huu uliomo bado upo?"

"Upo, ndiyo, lakini umeoza. Usinibishie, binti. Watu wanamaliza hela kwenye fimbo halafu wanavulia mshipi wa mwaka juzi. Samaki fimbo yako haioni. Yeye ana habari na mshipi, fundo na ndoana."

Baada ya mshipi zilibaki senti za kununulia ndoana chache na pakiti ya minyoo ya mpira. Vyambo vya mti, vilivyochongwa na kupakwa rangi kama samaki wadogo, kila kimoja kilikaribia bei ya fimbo yenyewe.

"Hivyo kaokote," Mzee Cagle akamwambia. "Maji yanashuka wiki ijayo."

Kila vuli wenye bwawa walipunguza maji kupisha mvua, na ziwa likarudi nyuma likaacha tope, visiki na mawe. Vyambo vilivyonasa mwaka mzima vikabaki hadharani. Desturi ya Piney Ford ilijulikana na kila mtoto: ulichookota ni chako, lakini kikiwa na alama ya mtu, unakitundika kwenye ubao wa misumari nyuma ya mlango wa Mzee Cagle, mwenyewe aje akichukue. Bibi Ocie hakupita dukani hata siku moja bila kusimama mbele ya ubao ule. Alipitisha kidole msumari kwa msumari, kisha akanunua biskuti za chumvi ambazo nyumbani zilikuwa zimejaa tele. Twyla alidhani ni uzee.

Maji yaliposhuka, Twyla alivaa mabuti ya mama yake akateremka topeni. Bibi alibaki juu kwenye nyasi, kwa sababu ya magoti, akitazama bonde. Twyla alipata vyambo vinne vya plastiki, vitatu vimevunjika. Mwisho akafika kwenye rundo la mawe, dohani ya zamani iliyoporomoka, bado nyeusi kwa moshi upande mmoja. Katikati ya mawe mawili alikuta chambo cha mti, kirefu kama kidole cha kati. Rangi ilikuwa imetoka na ndoana zimeliwa na kutu, lakini mti ulikuwa mzima, mwekundu, na alipoukwaruza ukanukia mwerezi.

Tumboni pake palikuwa pamechomwa alama: mikato miwili na tundu dogo.

Twyla alijua maana yake. Alijua pia kwamba chambo kama kile hakiuzwi popote, na kwamba Dewey hana. Akajiambia kuwa mwenyewe lazima ameshakufa, au amesahau, au ana vingine kumi. Akakitia katika soksi, soksi akaisukuma ndani ya koti, na alipofika juu Bibi akamwuliza amepata nini.

"Vya plastiki tu, Bibi."

Soksi ile ilikaa chini ya kitanda chake majira yote ya baridi. Aliweka ndoana mpya, akajizoeza kurusha uani kwa kulenga ndoo. Fimbo ilimkaa mkononi vizuri, na alipaswa kuwa na furaha. Lakini kila walipokwenda dukani na Bibi akasimama mbele ya ubao, Twyla alitoka nje akangoja barazani.

Mei ikafika. Watoto walijipanga ufukweni, wazazi nyuma yao na chupa za kahawa. Mama yake Twyla alikuwa amebakishwa kiwandani wiki ile, kwa hiyo alikuja na Bibi. Dewey alikuja na gurudumu jekundu, zawadi ya baba yake.

"We Twyla, hiyo fimbo umeifukua kaburi gani?" akauliza.

"Kwenu. Babu yako anakusalimu."

Watoto wakacheka. Mrusho wa pili tu, gurudumu la Dewey likatoa kiota cha ndege, na kwa muda mrefu hakusikika akisema lolote ila kunung'unika.

Minyoo ya mpira haikuguswa asubuhi nzima. Ilipobaki nusu saa, Twyla alisogea mahali alipojua kuwa dohani imelala chini ya maji, kwa maana alikuwa amezihesabu hatua wakati wa tope. Akaangalia huku na huku. Akafunga chambo cha mwerezi, akalilowesha fundo kwa mate, akarusha.

Mara ya tatu maji yalifunuka. Fimbo ilipinda juu, chini ikakaza kama siku ile darini. Samaki aliruka mara mbili, akazama kuelekea mawe, lakini mshipi mpya ukashika. Twyla akamfikisha ukingoni. Akakichomoa chambo haraka na kukirudisha katika soksi kabla ya mtu kufika.

Mzee Cagle alimpima: ratili sita na nusu. Kadi ya mashindano ilikuwa na mistari mitatu, jina, uzito na chambo. Kwenye mstari wa tatu Twyla akaandika, "Mnyoo wa mpira."

Alipewa sanduku jipya la vifaa vya kuvulia, la buluu, lenye vidroo vinavyofunguka ngazi kwa ngazi. Bibi Ocie alimkumbatia mbele ya watu, jambo lisilo la kawaida yake, kisha akaingia dukani. Twyla akamfuata kumwonyesha vidroo. Bibi alikuwa ameshafika mbele ya ubao.

"Hakijaletwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado, Ocie," Mzee Cagle akajibu. "Kingeletwa nisingekaa kimya."

"Najua. Nauliza tu. Ni cha mwerezi."

"Mikato miwili na tundu. Alama ambayo baba yako aliwakata ng'ombe wake masikioni. Mwaka wa ishirini na tatu huu unaniambia."

Bibi akacheka kidogo, akanyoosha mkono kuchukua biskuti.

Sanduku la buluu likawa zito mkononi mwa Twyla. Ziwa lilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale. Angeweza kwenda kukitupa, na hakuna ambaye angejua mpaka mwisho wa dunia, wala Bibi asingeacha kumwonea fahari. Alimtazama Bibi akihesabu senti za biskuti asizozitaka. Akaliweka sanduku juu ya meza ya duka, akatoa soksi mfukoni.

"Bibi," akasema, "kiko hapa."

Bibi Ocie alikitoa chambo taratibu. Alikigeuza, akagusa alama kwa kidole gumba, halafu akakileta puani akafumba macho.

"Umekipata wapi?"

"Kwenye mawe ya dohani."

"Lile lilikuwa jiko letu." Akakifumbata kiganjani. "Lini?"

"Novemba. Nilikificha chini ya kitanda."

"Novemba," Bibi akarudia. "Miezi sita kiko chini ya kitanda chako, na mimi nalala upande wa pili wa ukuta."

Twyla alilia. Afadhali angegombezwa. Akamgeukia Mzee Cagle, akamwambia pia kuhusu ile kadi.

Mzee Cagle alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Samaki umemvua wewe, hilo sikunyang'anyi," akasema. "Lakini kadi ni ya uongo, na zawadi natoa kwa kadi. Sanduku ni la Dewey."

Dewey, ambaye samaki wake wa ratili moja na ushei ndiye aliyefuata kwa uzito, alilipokea sanduku bila kumcheka Twyla. Kwa Dewey hilo lilikuwa jambo kubwa.

Walipanda kilima. Katikati ya njia Bibi alikaa juu ya jiwe kupumzisha magoti.

"Walituambia tubebe tunachoweza," akasema. "Wengine walibeba vitanda. Baba alibeba mwimo mmoja wa mlango wa jiko. Kwenye mti ule ndiko alikochonga hiki, akanipa, ili niwe navua juu ya nyumba yetu. Baada ya kumzika kikanasa kwenye mawe yale yale. Nilivuta kwa hasira, mshipi ukakatika. Maji yaliposhuka nilikitafuta nisikione, nikadhani kuna aliyekiokota. Niliona aibu kumwambia mtu kwamba nalilia kipande cha mti."

"Mimi nilidhani mwenyewe ameshakufa."

"Ulitaka awe amekufa. Si jambo lile lile."

Twyla akainamisha kichwa. Bibi akaichukua fimbo kuukuu, akaitazama toka kitako hadi ncha.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Uliinunua hii kwa jasho lako, ukachagua kwa akili, nayo haikukuangusha. Wala gurudumu halikukuangusha, wala mshipi. Ulikuwa na kila kitu cha kumpata yule samaki kwa haki. Kilichokuangusha ni kile ulichokificha kwenye soksi. Kitu cha mtu usikikalie, hata kama humjui mwenyewe, maana hujui anavyokitafuta."

"Utanisamehe, Bibi?"

"Kesho baada ya kanisa. Leo bado nimekasirika." Kisha akampa mkono amwinue. "Na kesho hiyo hiyo utaniazima fimbo."

Siku iliyofuata Bibi Ocie alisimama ufukweni na gauni la kanisani, akafunga fundo mwenyewe, akarusha mbali kuliko Twyla alivyowahi kurusha. Kwenye mrusho wa nne chambo kikanasa. Twyla alishtuka, lakini safari hii Bibi hakuvuta. Alilegeza mshipi, akatembea polepole kuzunguka ukingo, akaujaribu kwa upande mwingine, na mawe ya jiko lao yakakiachia. Bibi alicheka huku machozi yakimtoka, na hakujali nani anamwona.

Hayo yamepita zamani. Bibi Ocie hayupo, duka la Mzee Cagle limefungwa, na ubao wake sasa umetundikwa barazani kwa Mwalimu Twyla, ambaye hufundisha katika shule ile ile. Kila vuli maji yakishuka, watoto humletea walivyookota vyenye alama. Kwenye msumari wa kwanza kuna chambo chekundu cha mwerezi, na kila mwaka hakosekani mtoto wa kuuliza mbona hicho mwenyewe haji kukichukua.

"Alishakuja," Mwalimu Twyla huwajibu. "Alingoja miaka ishirini na tatu. Miezi sita ya mwisho aliingoja kwa sababu yangu."

Kisha huwaonyesha misumari iliyo wazi, na watoto huanza kupekua mifuko yao.