Mhuri wa Mama kwenye Fomu ya Chanjo

Kila alasiri akitoka shule, Pin-yu alinawa mikono, akamchungulia mdogo wake Yao-an aliyekuwa na miezi mitatu, kisha akapanda juu ya paa kumsaidia bibi yake kugeuza persimoni, matunda ya rangi ya chungwa yaliyoanikwa juani. Ilikuwa Oktoba. Upepo wa mji wao wa Hsinpu ulikuwa mkavu, na nyungo za mianzi zilijaa paa zima. Kila tunda lilibonyezwa taratibu kwa kidole gumba ili likauke sawasawa.

Siku moja alichelewa kupanda. Kwenye mkoba wake kulikuwa na fomu ya chanjo ya mafua makali, yenye visanduku viwili, "Nakubali" na "Sikubali", na nafasi ya mhuri wa mzazi. Njiani, Cheng-kang wa darasa lake alikuwa amemtia hofu.

"Mwaka jana binamu yangu alichomwa, akaanguka puu! Kama gunia la mchele."

"Akafa?"

"Hakufa. Aliamka akaomba juisi. Je, wewe usipoamka?"

Mhuri wa Mama, wenye jina lake na unaotumika badala ya sahihi, ulikaa kwenye droo karibu na mlango. Pin-yu aliruhusiwa kuutumia kwa kazi moja tu: kupokea vifurushi kutoka kwa mtu wa posta wakati Mama ananyonyesha. Alitia alama kwenye "Sikubali", akauchovya mhuri kwenye wino mwekundu, akaugandamiza. Ulitoka umenyooka kuliko Mama alivyowahi kuupiga.

"Hamjapewa fomu ya chanjo?" Mama aliuliza jioni.

"Tulipewa, Mama. Ulishapiga mhuri jana, ulipokuwa unamnyonyesha Yao-an."

Mama hakuwa amelala vizuri kwa miezi mitatu. Alijishika paji la uso. "Basi nimesahau," akasema.

Siku ya chanjo Pin-yu alibaki darasani na mvulana mmoja mwenye homa. Wenzake walirudi baada ya kukaa nusu saa ukumbini chini ya macho ya nesi. Hakuna aliyeanguka.

"Na yule binamu yako?" Pin-yu alimuuliza Cheng-kang.

"Yule? Hakuwa amekula asubuhi. Halafu anaogopa hata kuku."

Nyumbani Mama aliuliza kama mkono unauma. "Kidogo," Pin-yu alijibu, akiusugua. Bibi alimchagulia persimoni laini kuliko zote. Pin-yu hakuweza kuimaliza.

Wiki mbili baadaye, wanafunzi watatu wa darasa lake hawakuja shule. Jui-fen, aliyekaa naye dawati moja, alikohoa Ijumaa nzima. Usiku ule mama yake Jui-fen aliwaarifu wazazi wenzake kwamba ni mafua makali.

Jumamosi asubuhi Mama alisimama mlangoni na Yao-an mikononi. "Pin-yu, mshike nikaoge."

"Nipe mimi," Bibi alisema.

"Wewe vaa barakoa kwanza. Kila wiki unasema utaenda kuchanjwa, kila wiki persimoni."

"Haya, nimekuwa mgeni nyumbani kwangu," Bibi alinung'unika.

"Mshike, Pin-yu. Wewe umechanjwa."

Mtoto alinyoosha mguu, soksi ikaning'inia. Pin-yu aliificha mikono nyuma ya mgongo, akarudi hatua mbili.

"Usinipe, Mama. Sikuchanjwa. Mhuri niliupiga mimi."

Mama alimtazama Pin-yu, kisha akamtazama mtoto, akamkumbatia karibu zaidi. Bibi alivaa barakoa yake. "Vaa viatu," alimwambia mjukuu wake. "Tunaenda wote wawili. Mimi pia naogopa sindano, sema mimi nasingizia matunda."

Kliniki, Nesi Hsiung aliwapima joto, akawauliza kuhusu maradhi na mzio, kisha akamsikiliza Pin-yu bila kumcheka.

"Wapo wanaozimia," alisema. "Mara nyingi ni hofu au njaa. Mzio mkali upo pia, lakini ni nadra sana. Kwa kawaida hutokea upesi, na dawa yake ile pale mezani. Ndiyo sababu ya kukaa nusu saa. Virusi vya chanjo hii vimeshauawa, haviwezi kukuambukiza mafua. Wachache huugua mafua hata wakichanjwa, lakini kwa nafuu. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine na homa ndogo."

"Kwa nini Yao-an asichanjwe yeye?"

"Amepata chanjo za umri wake. Hii ya mafua haitolewi kabla ya miezi sita. Mpaka wakati huo, kinga yake ni ninyi mnaomshika. Nawe kinga yako itachukua kama wiki mbili kukomaa. Kwa siku hizo vaa barakoa, usimbebe." Akamgeukia Bibi. "Bibi umeshapita miaka sitini na mitano. Kuna hii, na ile ya nimonia kwenye mkono wa pili."

"Mikono yote miwili? Nitamenya persimoni kwa miguu?"

Pin-yu alihesabu mpaka tatu, na sindano ikawa imekwisha.

Siku kumi na nne zilikuwa ndefu. Yao-an alijifunza kucheka kwa sauti, na Pin-yu alimsikia kutoka chumba cha pili. Mtoto hakuugua. Ilikuwa bahati, na Pin-yu alijua haikutokana na lolote alilofanya yeye.

Siku ya kumi na tano Mama alimpakatisha mtoto. "Kuogopa si kosa," alisema. "Ungeniambia unaogopa, tungemuuliza nesi pamoja siku ileile. Kosa ni kusema kwa jina langu neno ambalo sikulisema. Kwa wiki mbili sote tuliegemea ukuta wa kinga ambao haukuwepo, na aliyekuwa nyuma ya ukuta ni huyu."

Pin-yu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Sitarudia."

Kengele ya mlango ililia. Mtu wa posta alikuwa na kifurushi. Mama alichukua mhuri, akaugandamiza haraka kwenye karatasi.

"Umepinda," Bibi alisema.

"Umepinda, lakini ni wangu," Mama akajibu. Kisha akaurudisha kwenye droo ileile ambayo Pin-yu aliijua, na hakuifunga kwa ufunguo.