Mwezi Hauna Kosa

Alasiri moja Hind alikuwa anachambua mchele. Binti yake, Shaima, alikuwa pembeni anakula tende. Mara akatoka Bi Nunu, mavyaa wake Hind, mamake mumewe, na kufuli mkononi.

"Leo mwezi unaandama. Shaima asitoke. Na vidonge vyake aanze leo."

Shaima ana kifafa. Bi Nunu alishikilia kuwa kifafa huja na mwezi mchanga. Basi siku hizo mtoto hufungiwa ndani, akapewa dawa. Siku nyengine dawa hukaa kabatini. Juzi Shaima alianguka kwenye ngazi, na tangu hapo roho ya Hind haijatulia. Lakini mavyaa utamwambiaje?

"Hodi!" Alikuwa jirani yao Faiza, muuguzi wa kituo cha afya. "Shikamoo Bi Nunu."

"Marahaba, mwanangu."

Faiza akaliona jeraha la Shaima. "Limekuwaje hili?"

"Aliteleza," akasema Bi Nunu.

"Hakuteleza, mama," Hind akasema polepole. "Alitetemeka kwanza."

Faiza akakaa. "Bi Nunu, dawa hii ni ya kila siku."

"Kwani mie kipofu? Mwezi ukiandama, anaanguka. Nnaona kwa macho yangu!"

"Basi tuhesabu." Faiza akachukua vikombe viwili vya kahawa na kokwa za tende. "Cheupe, mwezi mchanga. Cha buluu, siku nyengine. Haya, semeni."

Bi Nunu akatia kokwa tatu kwenye cheupe upesi upesi. Siku hizo alizikumbuka zote.

"Na kovu hili la mkono?" Faiza akauliza.

"Aliangukia jiko," akasema Hind. "Kulikuwa na mbaamwezi, nje kweupe."

Kokwa ikaingia cha buluu.

"Skuli je?"

"Mara mbili. Mwezi ulishakuwa mkubwa."

Ikafuata ya harusini. Ikafuata ya ngazi. Cha buluu kikazidi.

"Na miezi iliyoandama, Shaima asianguke?"

Bi Nunu akacheka. "Hiyo nani ataikumbuka?"

"Ndiyo hapo, Bi Nunu. Ukiungoja mwezi, akianguka unasema, 'Nilijua!' Asipoanguka, unasahau. Akianguka siku nyengine, unasema kateleza. Kifafa ni maradhi ya ubongo. Huja siku yoyote. Mpeni dawa kila siku kama alivyoandika daktari, wala msiache bila ya kumuuliza. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni."

Bi Nunu akazihesabu tena kokwa za cha buluu. Kisha akampa Hind kufuli.

"Kaliweke. Nipe maji, mtoto ameze dawa."

Kuanzia siku hiyo Shaima alimeza dawa kila jioni. Kifafa kikapungua, halafu kikakaa kimya. Mwezi wa sikukuu ulipongojewa, alikuwa uwanjani na wenzake, mama yake karibu.

"Nimeuona! Bibi, ule pale!"

Bi Nunu akaja na kidonge na gilasi ya maji.

"Meza kwanza. Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Nna shahidi, huona siku anayoitaka tu. Nyengine zote hufumba macho."

Shaima akafikiri, akatabasamu. "Ni wewe, bibi!"

"Mtoto huyu!" Bi Nunu akacheka hadi maji yakamwagika. "Umepata. Nenda kacheze."

Shaima akakimbia. Juu yake mwezi mchanga ulikuwa mwembamba kama ukucha, na hakuna aliyemwita arudi ndani.