Kichwa cha Abati wa Kilfarna

Jumamosi saa tatu asubuhi, watalii waliofika kwenye magofu ya abasia ya Kilfarna walikuta kichwa cha jiwe cha Abati Farnan hakipo kwenye kidaka chake. Kufikia saa nne kijiji kilikuwa kimeshajipatia mwizi: Martin Mongan, muuza vyuma chakavu anayeishi na mkewe kwenye karavani, nyumba ya magurudumu, kando ya barabara. Mongan alikuwa nje kwa masharti ya mahakama. Akishtakiwa tena anarudi ndani, na mkewe yuko siku zake za kujifungua.

Sajini Dervla Heneghan alishuku hatia iliyopatikana upesi namna hiyo.

"Nilimwona Mongan hapa kwa macho yangu jana jioni," alisema Mzee Cormac Tuohy, mtunza funguo wa magofu, wakiwa mbele ya kidaka. "Watu wa barabarani hao, Sajini, hata kengele wangeiba kama isingelia."

"Na kufuli la lango?"

"Zima."

"Kwa hiyo Mongan, na mguu wake ule mbovu, aliruka ukuta huu na jiwe kwapani?"

"Wana mbinu zao."

Ndani ya kidaka Dervla aliokota kastabini ya kushonea. Bibi yake alikuwa akimsimulia: zamani jiwe hilo lilikuwa likiazimwa usiku mmoja, likiwekwa chini ya mto wa mgonjwa ili apone, na kitu cha mgonjwa kikishika nafasi yake, Abati asije mwenyewe kudai kichwa chake. Serikali ilishapiga marufuku desturi hiyo. Lakini mwizi wa kuuza haachi rehani.

"Mzee, mkeo yuko wapi? Kanisani simwoni."

"Yuko Sligo, kwa dada yake."

"Basi moshi ule ng'ambo ya barabara, nani amewasha moto kwenu?"

Dervla alivuka barabara, naye Cormac akamfuata hadi nyumbani kwake.

Mkewe Attracta, fundi cherehani wa kijiji, alikuwa kitandani, amekwisha mwili. Jiwe lilikuwa chini ya mto wake.

"Madaktari wameshanawa mikono," Cormac alinong'ona. "Nilitaka kulirudisha alfajiri, ila alikuwa amepata usingizi. Wiki nzima hajalala. Sikuweza kumwinua kichwa."

"Na Mongan?"

"Wanakijiji walimtaja wenyewe. Mimi nilinyamaza tu."

"Hukunyamaza, Mzee. Ulisema ulimwona."

Attracta alifumbua macho. "Ulimwona nani, Cormac?"

Dervla ndiye aliyemweleza, na aibu ikamshika yeye kwa niaba ya mzee.

"Nitoleeni hili jiwe," Attracta alisema. "Mke wa Mongan anazaa leo au kesho, na mimi nilalie jiwe litakalomfunga mumewe?"

Cormac alilichukua, akavaa kofia, akatangulia mlangoni kabla Sajini hajamwambia waende kijijini kusema ukweli.